Saa Tisa na Nusu kwa Papa Alfani

Kelele zingesamehewa. Katika avenyu ile ya Kataki kila nyumba ilikuwa na kelele yake: hapa kinu cha kutwangia mihogo, pale wanawake wa kwaya, pale tena mume na mke wasioweza kuombana hata chumvi bila mtaa kusikia. Kilichowasimamisha watu ni kwamba wanafunzi watano walikuwa wanakusanyika kwa Papa Alfani kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa tisa na nusu kamili, wanafunga mlango, na ndani hakusikiki kitu.

"Watoto wa Kalemie wafike kwa saa," alisema Mama Gisèle, aliyekuwa na meza yake ya ndakala, dagaa wakavu, ng'ambo ya njia, uso kwa uso na nyumba hiyo. "Mara tatu kwa juma, na hakuna mwenye kuchelewa. Halafu muniambie ni kitu ya kawaida."

"Pengine wanasoma," mteja mmoja alijaribu.

"Wenye kusoma wanachelewaka."

Ukweli ni kwamba walikuwa orkestra, ila orkestra hiyo ilikuwa haijasikiwa na mtu. Maimouna, binti wa Papa Alfani, mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo cha ualimu, ndiye aliyeikusanya: yeye na Rachelle kwa sauti, Urbain kwa gitaa la solo, Ruphin kwa besi, Josias kwa ngoma. Mwaka mzima walikuwa wanapeana miadi na kukosana. Urbain anafika saa nane, anangoja, anaondoka. Rachelle anafika saa kumi. Ruphin anatuma ujumbe kwamba yuko njiani, na njia yenyewe haina mwisho. Mwishowe Maimouna alichukua kaye, daftari lake la chuo, akapiga mistari, akaandika majina, siku na saa ya kufika. Faini haikuwezekana kwa sababu hakuna aliyekuwa na kitu mfukoni, basi wakakubaliana kwamba mwenye kuchelewa atapiga pompe ishirini uani, mikono mchangani, mwili ukishuka na kupanda, wenzake wakimhesabia. Josias, kwa sababu ya kifua chake kipana, akaandikwa mkuu wa nidhamu. Ruphin alipiga pompe mara tatu. Mara ya nne alifika kabla ya wote, akawa anawacheka wengine.

Walikuwa bado wanachagua wimbo, hawajapiga noti hata moja, shangazi yake Maimouna alipofariki juma lilelile. Alikuwa dada mkubwa wa Papa Alfani, na aliuguzwa katika sebule ya kaka yake kwa sababu hospitali ilikuwa karibu. Mume wake, Papa Yassine, mchuuzi wa samaki bandarini, alikubali msiba ukae hapohapo roho ilipotokea, mpaka arobaini. Mikeka ikatandikwa, sufuria kubwa zikaletwa, sanduku la vitenge vya marehemu likabaki kwenye pembe ya sebule likingoja siku ya kugawanywa. Na Papa Alfani akasema mbele ya ndugu wote kwamba nyumbani kwake hakutafunguliwa hata redio mpaka siku arobaini zitimie.

"Basi tutaanza tena kisha arobaini," alisema Urbain, na alivyolisema utadhani ametua mzigo.

Maimouna aliogopa sauti ile kuliko kitu kingine. Alijua kwamba orkestra iliyolala siku arobaini haiamki. Chuo kilikuwa kimeshawaweka kwenye programu ya sherehe ya diploma, siku nne tu baada ya arobaini, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yao ya kwanza kusimama mbele ya watu. Akamwendea baba yake barazani, aliposhonea.

"Papa, na kama tunarudia bila sauti?"

"Muziki bila sauti njo nini?"

"Vidole tu. Josias atapiga juu ya blanketi. Miye na Rachelle tutafungua midomo."

Papa Alfani aliacha kukanyaga cherehani. Alimpenda dada yake. Alimpenda pia huyu mtoto, ambaye ndiye peke yake nyumbani aliyekuwa akiimba hata akiosha vyombo, na tangu msiba alikuwa anaosha kimya.

"Na watu wakiona gitaa kwenye nyumba ya kilio?"

"Tutafunga mlango."

"Mufunge. Na miye sijui kitu."

"Ndiyo, Papa."

"Nimesema sijui kitu, Maimouna."

Mama Hidaya, mke wa Papa Alfani, aliambiwa habari ya muziki usiosikika na hakuamini hata nusu yake. Miaka ishirini na mbili ya ndoa ilikuwa imemfundisha kwamba watu wakifanya jambo bila sauti, basi jambo lenyewe ni baya. Siku ya tatu akapita uani na beseni la unga ambalo halikuwa na safari, akasimama kwenye dirisha penye tundu la pazia.

Aliona kijana mmoja akipiga blanketi lililokunjwa kwa vijiti viwili. Aliona wawili wenye magitaa, vitambaa vimepachikwa chini ya nyuzi. Rachelle alikuwa anafungua na kufunga mdomo kama samaki aliyetolewa majini. Yote hayo Mama Hidaya angeyameza. Lakini binti yake alikuwa amesimama hatua mbili mbele ya Urbain, na alikuwa anamtazama machoni, hapepesi, na Urbain naye anamtazama.

Jioni alimkuta Maimouna jikoni.

"Yule wa gitaa ana jina gani tena?"

"Urbain, Mama. Unamujua."

"Ninamujua. Sikujua kama macho yake iko na kazi."

"Mama, gitaa haisikiki. Nisipomutazama sijui niingie wapi."

"Njo maneno nilimuambia mama yangu," alisema Mama Hidaya, akaendelea kuchambua mboga.

Tangu siku hiyo alihamishia kigoda chake karibu na mlango wa sebule. Mchana wa mazoezi hakwenda sokoni, hakwenda kwa jirani, na kikohozi kilimshika kila robo saa.

Papa Yassine alifika Jumatano ya juma la nne, bila kutuma neno, ana mfuko wa sukari kwa ajili ya wanaokuja kutoa pole. Alimsalimia Papa Alfani kwenye cherehani, akabisha mlango. Mama Hidaya akatoka kupitia uani, akamkaribisha barazani kwa maneno mengi kuliko kawaida yake.

"Shemeji, keti kwanza upumzike."

"Sijachoka. Nataka kuweka sukari ndani."

"Nipe, miye nitaweka."

"Hidaya. Nyumba ya kilio inafungwaka mlango?"

Ndani kulisikika mikeka ikiburutwa. Mzee huyo mwenye mvi, aliyefiwa na mke, akasimama na mfuko wake mkononi mbele ya mlango uliofungwa, na ng'ambo ya njia Mama Gisèle akaacha kufukuza nzi ili aone vizuri. Mlango ulipofunguka, wanafunzi watano walikuwa wameketi mikekani kwa duara, mikono magotini, majasho usoni. Ruphin alikuwa ameketi juu zaidi ya wengine, maana chini ya mkeka wake kulikuwa na besi. Blanketi lilikuwa limetupwa juu ya sanduku la marehemu.

Papa Yassine alilitazama blanketi, akalitazama sanduku, akawatazama vijana mmoja mmoja.

"Munafanya nini?"

"Tunaketi, Papa," alijibu Ruphin.

Aliweka sukari chini, akatoka, na barazani akainama kwenye sikio la shemeji yake aliyekuwa anatunga uzi.

"Ufunguo wa sanduku uko kwa nani?"

"Kwa Hidaya."

"Aa," alisema Papa Yassine.

Papa Alfani alishika sindano ile muda mrefu bila kuona tundu lake. Hakuna tusi ambalo shemeji yake angeweza kumtolea lililozidi hilo aa moja, la kumdhania mwizi wa vitenge vya marehemu. Angeweza kumkimbilia, amwambie neno moja tu, muziki, na moyo wa mzee ungetua upande wa vitenge. Lakini neno hilohilo lingemwonyesha kuwa mtu aliyeapa mbele ya ukoo na kumruhusu binti yake mlango wa nyuma. Akabaki kwenye kiti chake.

Jumatatu iliyofuata Rachelle alichelewa dakika kumi kwa sababu ya mvua, na sheria ni sheria. Akajifunga kitenge juu ya suruali, akaenda uani kupiga pompe ishirini. Wenzake walisimama mstari mmoja wakimhesabia kwa vidole, kwa kuwa sauti ilikatazwa. Ua ulikuwa wa matete, na matete yana nafasi. Mama Gisèle, aliyekuwa amekuja kuomba moto, aliona yote na akasahau moto.

"Hata mutoto mwanamuke," aliwaambia walioketi mezani pake. "Analala chini, anainuka, analala, anainuka, na ile yenye kifua inamusimamia. Hakuna mwenye kusema neno. Nimeona haya mambo wakati wa vita, sihadithiwi."

Juma hilo ndilo watu walikuwa wanashuka bandarini kwa wingi na maboti ya kutoka kaskazini, wakikimbia mapigano, na mashefu wote, yaani viongozi wa avenyu, walikuwa wameitwa mkutanoni, wakaambiwa kila nyumba inayokusanya vijana iandikwe. Shefu wa avenyu hii, Papa Élisée, alikuwa mtu wa utani na pombe ya mchana, hana ubaya na mtu. Ila alikuwa na watoto saba, na aliijua hesabu ya shefu ambaye nyumba ya avenyu yake inapatikana na mambo naye hakuandika.

Ijumaa, saa kumi kasorobo, alisimama kwenye baraza la Papa Alfani. Nyuma yake Mama Gisèle, na nyuma ya Mama Gisèle karibu avenyu nzima.

"Papa Alfani, pole na kilio."

"Asante, shefu."

"Ndani kuna watoto wangapi?"

"Watano. Na wa kwangu ni mumoja katika hao."

"Wanafanya nini?"

"Wanasoma," alijibu Mama Hidaya kutoka mlangoni, kabla mume wake hajafungua kinywa.

Shefu aliomba radhi na kuingia. Vijana walikuwa wameshasukuma magitaa chini ya mikeka. Akauliza wanasoma somo gani. Josias akasema hesabu, Rachelle akasema historia, wakati mmoja. Watu mlangoni wakaguna. Shefu akainama, akaokota kaye iliyokuwa chini ya dirisha, akavaa miwani.

"Majina matano. Siku. Saa ya kufika, na sahihi." Alilamba kidole, akageuza. "Mukuu wa nidhamu, Josias. Azabu ya mwenye kuchelewa, pompe makumi mbili. Kukosa mara tatu, kufukuzwa. Habari za ndani zisitoke inje mpaka siku yenyewe." Akavua miwani. "Siku gani yenyewe, mutoto?"

"Ya sherehe, Papa shefu," alisema Maimouna. Sauti yake haikumtosha.

"Sherehe gani?"

Maimouna akamtazama baba yake. Papa Alfani alikuwa anatazama sakafu.

"Papa Alfani," alisema Papa Élisée polepole, na utani ulikuwa umemtoka, "miye nawewe tunafahamiana. Lakini hii kaye nikiipeleka kwa biro ya serikali vile iko, leo jioni watakuja wengine, na hao hawabishi mlango. Nikiiacha, watanichukua miye. Unisaidie. Niandike nini?"

Papa Alfani aliwatazama waliojaa mlangoni kwake. Aliona nyuso za watu waliokula chakula cha msiba wa dada yake.

"Ni orkestra," alisema.

Kicheko kikatoka nje, kikarudi ndani.

"Orkestra? Miye ninakaa nyumba ya tano. Sijasikia hata mbinja," alisema shefu.

"Ni juu ya kilio. Wanapigaka bila sauti."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Yangu."

Mama Hidaya alishika kichwa. Maimouna akaanza kutoa gitaa chini ya mkeka, akampa Urbain. Ruphin akatoa besi, Josias akakunja blanketi. Wakasimama mahali pao na, kwa ishara ya kichwa cha Josias, wakapiga wimbo wao wote, mwanzo mpaka mwisho, vile walivyoupiga kwa mwezi mzima. Vijiti vilishuka pamoja na vidole. Wasichana walifungua midomo pamoja, wakafumba pamoja, wakageuza mabega pamoja, wakasimama wote kwa mara moja kama waliokatwa na kisu kimoja. Hakukuwa na sauti ila ya nyayo mkekani.

Mlangoni hakuna aliyecheka tena. Mwanamke mmoja alisema polepole, "Hii ni dini gani?" na mwingine akamvuta mtoto wake nyuma.

"Papa Alfani," alisema shefu, "sasa umeniharibia zaidi. Nitaandika walifungua vinywa?"

Papa Alfani alivuka sebule yake mwenyewe kama mgeni asiyejua pa kukanyaga. Alikwenda mpaka kwenye gitaa la Urbain, akakitoa kitambaa kilichopachikwa chini ya nyuzi, akakitia mfukoni. Kisha akamwambia binti yake bila kumtazama:

"Imbeni."

"Papa, bado siku tisa."

"Ninajua kuhesabu. Imbeni."

Wakaimba. Mwezi mzima kila mmoja alikuwa ameusikia wimbo kichwani mwake, na vichwa vilikuwa vitano. Maimouna aliingia juu, Rachelle akaingia chini yake mahali pasipofaa, besi ya Ruphin ilikuwa na nyuzi ambazo hazikukazwa tangu msiba, na ngoma, kwa sababu mkono ulizoea blanketi, ilipigwa kwa nguvu ya kuvunja ukuta kwenye ndoo aliyoikamata Josias. Mwendo ulikuwa mmoja kabisa, hakuna aliyetangulia wala kubaki. Sauti ndizo ziligombana. Papa Élisée alikunja uso kama mtu mwenye jino, halafu akaanza kucheka mpaka miwani ikamdondoka.

"Basi, basi. Ni wanafunzi. Hakuna mwenye silaha anaweza kuimba vile." Akafungua kaye, akachana ukurasa wa sheria, akautia mfukoni, akaiacha iliyobaki dirishani. "Nitaandika orkestra."

Watu wakacheka pamoja naye, wakafungua njia ili apite, na katika njia hiyo waliyoifungua alikuwa amesimama Papa Yassine. Alikuwa ametoka msikitini, kofia kichwani, na aliyempelekea habari alikuwa amemwambia tu kwamba kwa shemeji yake kuna watu wa serikali. Alikuwa amekimbia, kwa umri wake, akidhani anakuja kulishuhudia sanduku likifunguliwa na shefu.

Sasa alikuwa anatazama magitaa.

Mama Hidaya alielewa kwanza. Alifungua fundo la kitenge chake, akatoa ufunguo, akaenda mwenyewe kufungua sanduku na kuinua kifuniko chake mbele ya wote. Vitenge vilikuwa vimekunjwa vile marehemu mwenyewe alivyovikunja, na harufu yake ikatoka.

"Tazama, shemeji. Hakuna mwenye kugusa."

Papa Yassine alitazama.

"Ingekuwa heri mungeiba," alisema. "Vitenge ningewaachia. Hii nitawaambia nini watoto wake?"

Akageuka, akarudi kwa njia ileile waliyomfungulia shefu.

Jumapili asubuhi walikuja wapwa wa Papa Yassine na mkokoteni. Hawakugombana na mtu. Walisalimia, wakakunja mikeka, wakatoa sufuria kubwa zile mbili, wakatoa sanduku. Mmoja wao aliingia jikoni na kuuliza kwa adabu kama kuna vikombe vya msiba vilivyobaki, na Mama Hidaya akamwonyesha kwa kidole, kisha akajifungia chumbani. Arobaini ingefanyika kwa Papa Yassine. Ndugu wa Papa Alfani watakaotoka Moba wangeshukia huko, wangekula huko, na dua ya dada yake ingesomwa katika nyumba nyingine, yeye akiingia kama wengine, viatu mkononi, akitafuta pa kukaa.

Mama Gisèle alisimama mezani pake mkokoteni ulipopita. Halafu akavuka njia, mara hii bila kuomba moto, akasimama mbele ya cherehani.

"Papa Alfani, miye nilisema tu nilichoona."

"Ninajua, Mama."

"Ungesema ni muziki, ningenyamaza."

"Wewe?" alisema Papa Alfani, na mwanamke huyo, kwa heshima yake, hakubisha.

Jumatatu Maimouna alikuwa ameshawatumia wenzake ujumbe kwamba wasije. Walikuja wanne wote, saa tisa na nusu, wakasimama njiani bila kujua kama wabishe. Sebule ilikuwa tupu, sakafu inaonyesha mahali pa mikeka kwa weupe wake. Maimouna akatoka kuwarudisha.

"Mulango ufunguliwe," Papa Alfani alisema kutoka barazani.

"Papa, tuache. Tutamuambia mukuu wa chuo atutoe kwenye programu."

"Waingie. Na dirisha lile pia, ufungue."

"Papa, siku sita bado."

"Siku sita ziko kwa Yassine. Hapa wamebeba zote." Alivuta kiti chake mpaka kizingitini, akaketi nusu ndani, nusu nje, mahali ambapo avenyu ingemwona vizuri. "Nimepoteza arobaini ya dada yangu juu ya hii kazi. Hamutaiacha."

Ruphin alikaza nyuzi zake, na safari hii walisikilizana mpaka Rachelle akapata mahali pake chini ya sauti ya Maimouna. Ilichukua muda. Kwenye ubeti wa pili Maimouna alishindwa, akafuta uso kwa kiganja, akaingia tena kwenye wa tatu, hakumtazama Urbain wala mtu mwingine. Mama Hidaya alikuwa ametoka chumbani, amesimama nyuma yao. Nje watu walikuwa wanapita, wengine wakipunguza mwendo, wengine wakiongeza.

Walipomaliza, Papa Alfani aligeuza kiti chake kuwaelekea.

"Njo hii ilikuwa inafanyika humu? Siku zote zile?"

"Njo hii, Papa."

Alishusha kichwa, kama anayeupima wimbo huo na arobaini aliyoipoteza.

"Rudieni," alisema.

"Mwisho tu, ama yote?"

"Yote. Toka mwanzo."